MAZUNGUMZO YA JAMAA: Mwuguzi Ajue Ugonjwa Unatenda Nini Mwilini

Baada ya mavuno, katika vijiji vya Mpanda, Mlele na Mpimbwe, wazazi wengi huhesabu magunia. Hili la mpunga ni la chakula, hili la mbegu, na yale ya pembeni ni ya karo ya mtoto aliyeko chuo cha uuguzi. Halafu mtoto mwenyewe arudi likizo na uso mzito. Akiulizwa habari za masomo, ajibu kwamba mengine amefaulu, lakini moja limemshinda, tena limewashinda na wenzake. Jina lake tu latosha kumkwaza mtu ulimi: pathofiziolojia.

Hapo baba hukasirika. "Mimi nilikupeleka ukajifunze kuuguza watu: kufunga vidonda, kupiga sindano, kuwaosha wagonjwa. Hayo mengine si kazi ya madaktari?" Mama naye aongeza kwamba marehemu shangazi yake aliuguza watu miaka mingi bila kulijua jina hilo. Jirani naye, ambaye hakuulizwa, atoa shauri lake: msichana akishindwa masomo aolewe, maana posa haikosekani.

Leo twataka kusema na wazazi hao, tena na msichana mwenyewe. Somo hili halikuletwa chuoni ili kuwatesa watoto wa wakulima. Uzima wa mwanao, na wa mkeo siku ya kujifungua, waweza kutegemea kama mwuguzi wa zahanati yenu alilielewa au alilikariri tu.

SOMO HILI NI KITU GANI?

Mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa mambo matatu yanayofuatana. La kwanza ni anatomia, yaani namna viungo vilivyopangwa mwilini: moyo uko wapi, ini liko wapi, mshipa gani wapita wapi. La pili ni fiziolojia, yaani kazi ya kila kiungo mtu akiwa mzima. La tatu ndilo hili letu: kazi hiyo huharibika vipi mtu akiugua, na kuharibika kwa kiungo kimoja kwavutaje viungo vingine.

Mfikiri fundi wa baiskeli. Kijana aliyeanza jana, akiona mnyororo unatoka, aurudisha, autia mafuta, apokea fedha yake. Kesho mwenye baiskeli arudi, mnyororo umetoka tena. Fundi wa kweli hauangalii mnyororo peke yake. Hulitazama gurudumu la nyuma kama limekaa upande, huyatazama meno kama yamelika, ndipo ashike spana. Wote wawili wameona jambo lile lile, lakini mmoja tu amelijua.

Tena mwili si baiskeli. Baiskeli ikiharibika hutulia hapo hapo. Mwili hupigana. Ukipoteza damu, moyo hukimbia; ukikosa maji, figo huzuia mkojo; ukivamiwa na vijidudu, joto hupanda. Kwa hiyo dalili tuzionazo, nyingine ni kazi ya ugonjwa, na nyingine ni kazi ya mwili unaojitetea. Mwuguzi asiyeweza kuzitenga hizo mbili aweza kufurahi wakati wa kuogopa.

DAKTARI WA KAREMA

Msidhani elimu ya namna hii ni ngeni kwetu. Nchi hii ya Katavi iliipokea mapema kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Wazee wa Karema, kando ya ziwa Tanganyika, walimjua daktari Adrian Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, karibu na mto Niger, katika nchi ya Mali ya leo. Akiwa mtoto alitekwa na kuuzwa utumwani, kisha mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika wakamkomboa. Kardinali Lavigerie alikuwa ameanzisha katika kisiwa cha Malta mahali pa kuwafundishia uganga vijana wa Kiafrika, na Atiman alisoma huko. Mwaka 1889 alifika Karema, akawa mganga na katekista, akakaa hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Ndiyo miaka 67 ya kuwatibu watu. Mpaka leo hospitali ya Kanisa mjini Sumbawanga yaitwa kwa jina lake.

Sasa fikirini jambo moja. Atiman alipofika Karema, Laveran, daktari Mfaransa, alikuwa amekwisha kukiona kijidudu cha malaria katika damu ya mgonjwa huko Algeria, mwaka 1880. Lakini hakuna aliyekuwa amethibitisha kijidudu hicho chaingiaje mwilini. Wengi walishtaki hewa mbaya ya mabwawa. Hata neno malaria kwa Kiitaliano lina maana ya hewa mbaya. Ni mwaka 1897 tu ndipo Ronald Ross, huko India, alipokiona ndani ya tumbo la mbu. Basi kwa miaka minane ya mwanzo, hata daktari msomi aliweza kutoa dawa ya kwinini bila kuweza kumwambia mtu ajikinge na nini hasa. Tazameni faida ya kujua chanzo na njia ya ugonjwa: anayeijua njia aweza kuifunga.

HOMA YA MALARIA INAVYOTEMBEA

Tuifuate malaria hatua kwa hatua, kama mwanafunzi anavyoifuata chuoni.

Mbu jike aitwaye anofelesi amuuma mtoto usiku. Vijidudu vidogo vyaingia na mate yake, na kwa muda mfupi vyafika kwenye ini. Hapo vyajificha kadiri ya juma moja hivi, na mtoto acheza tu, hana dalili yoyote. Ndani ya ini kijidudu kimoja huzaa maelfu. Kisha vyatoka, vyaingia katika chembe nyekundu za damu, vyala, vyazaana, na kila baada ya saa 48 hivi chembe zapasuka na kumwaga vijidudu vipya. Wakati wa kupasuka ndipo mtoto atetemekapo kwa baridi na kuchomwa na homa.

Hapo mwanafunzi mwenye akili atajiuliza: chembe nyekundu zikipasuka nyingi, nini kitafuata? Damu itapungua. Basi atatazama viganja vya mtoto na ndani ya midomo kama vimekuwa vyeupe. Chembe hizo ndizo zichukuazo hewa safi, basi zikipungua mtoto atahema mbio. Vijidudu hula sukari ya damu, na mtoto mwenyewe hataki kula, basi sukari yaweza kushuka mpaka azimie. Tena malaria yetu kubwa, ile ya falsiparumu, ina hila zaidi: chembe zilizoingiliwa hunata katika kuta za mishipa midogo. Zikinata katika mishipa ya ubongo, mtoto hushikwa na degedege, au hulala usingizi asiamke.

Mwuguzi aliyekariri atasema: "Homa, mpe dawa ya homa." Mwuguzi aliyeelewa atapima damu ili ajue kama ni malaria kweli, atatazama viganja, atahesabu pumzi, atapima sukari, atamwuliza mama kama mtoto amekunywa na kama amekojoa. Yote hayo kwa dakika chache, maana anajua ugonjwa waelekea wapi, naye autangulia njiani.

MAZUNGUMZO YA BIBI NA MJUKUU

Tusikilize mazungumzo ya namna ambayo yaweza kufanyika katika nyumba yoyote ya kwetu, jioni, moto ukiwaka.

– Shikamoo, bibi.

– Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia huko chuoni mwafundishwa habari za degedege. Je, wamewaambia juu ya ndege yule apitaye usiku?

– Bibi, nieleze wewe kwanza. Umeyaonaje kwa macho yako?

– Mimi nimewaona watoto watatu. Mtoto huwa na homa kutwa nzima. Usiku macho yageuka, mikono yakakamaa, povu latoka. Wa kwanza tulimfukizia moshi, akatulia. Wa pili tulimfukizia, akafa. Wa tatu tulimpeleka hospitali siku ya tatu, akachomwa sindano, akafa vile vile. Ndiyo maana wazee walikataza sindano kwa mwenye degedege.

– Umeona vizuri, bibi. Hebu nikuulize: homa ilitangulia kwa wote watatu?

– Ilitangulia kwa wote.

– Basi tuifuate homa, tumwache ndege. Yule aliyetulia kwa moshi, degedege lake lilichukua muda gani?

– Kitambo kidogo tu.

– Degedege nyingi hukoma zenyewe baada ya dakika chache, ufukize usifukize. Moshi ulipewa sifa isiyo yake. Lakini homa iliyolileta bado imo mwilini, nalo laweza kurudi kesho na nguvu zaidi. Na yule wa sindano alifikishwa siku ya tatu, vijidudu vimekwisha kunata ubongoni. Dawa ilichelewa kuitwa, halafu ikalaumiwa kwa kazi ya ugonjwa.

– Kumbe! Tulimfunga asiye na kosa, tukamwachia mwizi.

– Ndiyo, bibi. Sasa mtoto akishikwa, mlazeni kwa ubavu ili mate na matapishi yatoke, asipaliwe. Msimtie kijiko wala kitu chochote kinywani. Msimnyweshe dawa wakati hana fahamu. Mkimbizeni zahanati usiku huo huo, hata kama degedege limekoma. Pale watapima, kwa sababu si kila degedege ni malaria. Uti wa mgongo nao huleta mambo kama hayo, na dawa zake ni nyingine.

– Na hiyo sindano?

– Ni sindano ya artesunati. Asili yake ni mmea wa Uchina, na mama mmoja mwanasayansi wa huko, Tu Youyou, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua dawa iliyomo katika mmea huo. Yaua vijidudu upesi kabla havijanata. Mtoto akipata nafuu na kuweza kumeza, amalizie vidonge vya mseto vyote, asiviache nusu.

Wasomaji wapenzi, angalieni adabu ya msichana huyu. Hakumwambia bibi yake, "Ninyi wazee ni wajinga." Alimwuliza ameona nini, akayashika yale yaliyo kweli katika maneno yake, kisha akamwongoza hatua kwa hatua. Aliyekariri hugombana, kwa kuwa hana la kueleza. Aliyeelewa huwa na subira, kwa kuwa anayo sababu ya kila neno lake.

MAJI, CHUMVI NA SUKARI

Mfano wa pili ni kuharisha. Wazee wa Katumba na Mishamo, waliokimbia Burundi mwaka 1972, wanajua vizuri kwamba watu wakisongamana na maji yakiwa haba, ugonjwa wa tumbo haukawii.

Mama wengi, mtoto akiharisha, humnyima maji wakisema yatazidisha kuhara. Mwanafunzi wa somo letu anajua kwamba kinachomwua mtoto huyo kwa kawaida ni kukauka mwili. Maji na chumvi vyatoka upesi kuliko vinavyoingia. Damu yapungua maji, moyo wakimbia, mikono yapoa, macho yaingia ndani, mtoto alia bila machozi. Ukiifinya ngozi ya tumbo na kuiachia, yarudi polepole. Dalili zote hizo, mlango wake ni mmoja: maji yamekwisha.

Lakini maji matupu hayatoshi, na sababu yake ni ya ajabu. Katika ukuta wa utumbo mna vijilango vidogo ambavyo chumvi huingia pamoja na sukari, kama watu wawili walioshikana mikono, na maji huzifuata. Mwanasayansi Robert Crane alilieleza jambo hilo mwaka 1960. Hata utumbo uwe mgonjwa wa kipindupindu, vijilango hivyo huendelea kufanya kazi. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi huko Bengali, India, dripu zilipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa wa kipindupindu maji yenye chumvi na sukari wanywe kwa kinywa, na wengi mno wakaokoka. Tangu hapo dawa hiyo imeenea dunia nzima. Ndiyo ile pakiti ya ORS mnayopewa zahanati, pamoja na vidonge vya zinki.

Kama pakiti haipo na zahanati iko mbali, chukueni lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tieni vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, si zaidi. Chumvi ikizidi yaweza kumdhuru mtoto. Mpeni kidogo kidogo, naye anyonye kama kawaida. Akitapika, ngojeni dakika kumi, mpeni tena polepole. Akiwa mlegevu, akishindwa kunywa, au kinyesi kikiwa na damu, msikae nyumbani.

MAMA ALIYEJIFUNGUA

Mfano wa tatu twausema hasa kwa akina baba.

Kondo la nyuma likitoka, ndani ya kizazi hubaki mahali palipo wazi kama kidonda, na mishipa mingi ya damu. Mwenyezi Mungu ameiweka mishipa hiyo ipite katikati ya nyuzi za misuli. Kizazi kikijikaza, nyuzi hizo huibana mishipa kama mtu akunjaye mpira wa maji, na damu hukoma. Kizazi kikichoka, au kibofu kikijaa mkojo, misuli hulegea wala haijikazi vizuri, na damu hutoka kama bomba lililoachwa wazi.

Ndiyo sababu mwuguzi huchoma sindano ya oksitosini mara mtoto azaliwapo. Ndiyo sababu hulikanda tumbo la mama kwa mkono ikiwa kizazi ni laini, humwambia akojoe, humpa mtoto anyonye mara moja, kwa kuwa kunyonyesha humfanya mama atoe ndani ya mwili wake dawa ile ile ya kukaza kizazi. Ndugu wa mama huona tumbo lakandwa, wakanung'unika, "Mbona amtesa mgonjwa?" Hamtesi. Aizuia damu.

Hapa mkumbuke yale tuliyosema juu ya mwili kujitetea. Mama kijana aliyepoteza damu nyingi aweza kuongea na hata kutabasamu, kwa sababu moyo wakimbia na mishipa imejibana ili kuficha upungufu. Mwuguzi asiyejua humwona hajambo, akaenda kula. Mwuguzi ajuaye hushika mkono, ahesabu mapigo, aone yamepanda, aguse ngozi aione imepoa, na hapo hapo atafuta gari. Maana mwili hujitetea mpaka nguvu ziishe, kisha huanguka kwa ghafula. Kutoka vijiji vyetu mpaka hospitali ni mwendo mrefu, tena masika barabara huwa mbaya. Saa moja iliyopotea hairudi.

Ndugu zangu, jambo hili linatuhusu sana watu wa Katavi. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015-16, mkoa wetu uliongoza nchi nzima: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 mpaka 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au kubeba mimba. Somo letu laeleza hatari yake wazi. Nyonga za msichana mdogo hazijamaliza kukua, na mtoto aweza kukwama. Tena mama wa mimba ya kwanza, hasa akiwa mdogo sana, yu karibu zaidi na kifafa cha mimba: presha yapanda, protini yatoka katika mkojo, uso wavimba, kichwa chauma sana, macho yaona giza, kisha degedege. Kuvimba miguu kidogo ni kawaida kwa wajawazito wengi. Kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona giza si kawaida. Mama huyo apelekwe siku hiyo hiyo, asisubiri siku ya kliniki.

Kwa hiyo shauri la yule jirani, kwamba msichana aliyeshindwa somo aolewe upesi, ni shauri baya mara mbili. Lamtoa yule ambaye angewaokoa akina mama, na lamtia yeye mwenyewe katika hatari ambayo angeifundisha wengine waikimbie.

SOMO GUMU HUSOMWA VIPI?

Ni gumu kweli. Wengi huanza kuanguka kwa sababu ya lugha. Chuoni vitabu ni vya Kiingereza. Wodini mgonjwa asema Kiswahili. Na bibi kizee wa Karema au Kibaoni asema Kifipa, Kipimbwe, Kibende, Kisukuma au Kiha. Tena neno letu "homa" latumika kwa joto la mwili na kwa malaria yenyewe. Mwanafunzi hukariri maneno ya Kiingereza kama kasuku, na mtihani ukigeuza swali kidogo, apotea.

Mwanafunzi mpenzi, kwa kila ugonjwa andika mnyororo wake kwa Kiswahili chepesi: kitu gani kiliingia, kiliharibu nini, mwili ulijibu vipi, dalili gani ikaonekana, na kazi ya mwuguzi yakata mnyororo mahali gani. Kisha mweleze mama yako jikoni. Akielewa, nawe umeelewa. Akikuuliza swali usiloweza kulijibu, hapo ndipo pa kurudia kitabu. Mnyororo ukishaukamata, maneno ya Kiingereza yatakaa kama nguo kwenye kamba.

Nanyi wazazi, mjue kazi yenu. Mtoto aliye likizo apewe saa moja au mbili za kusoma kila siku kabla ya giza, hata kama palizi inangoja. Msimfanye daktari wa kijiji: hajapata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na sindano apigayo uani kwa kumpendeza mjomba yaweza kumwua mjomba. Na wale ambao bado wako sekondari wahimizwe Baiolojia na Kemia mapema, maana bila hizo mlango wa uuguzi haufunguki. Mafunzo ya astashahada huchukua miaka 2 na ya stashahada miaka 3. Viko vyuo vya serikali, na viko vya Kanisa, kama vile Bugando, Kabanga, Peramiho na Ndanda.

Mkoa wetu wakua upesi. Hesabu ya watu ya mwaka 2012, mwaka ule ule mkoa wa Katavi ulipoanzishwa, ilikuta watu 564,604. Ile ya mwaka 2022 ilikuta 1,152,958. Idadi imepita maradufu kwa miaka kumi. Majengo ya zahanati twaweza kuyajenga kwa tofali zetu wenyewe, lakini mwuguzi mwenye ufahamu hafyatuliwi kama tofali. Hutoka katika nyumba moja ya kijijini, iliyomvumilia alipoanguka mtihani mara ya kwanza na kumrudisha darasani. Mgonjwa naye ni ndugu yetu aliyewekwa mikononi mwetu. Hatumtendei haki tukimpa mtu mwenye huruma tu, asiye na maarifa, wala mwenye maarifa tu, asiye na huruma.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Mtoto akishikwa na degedege usiku, alazwe vipi, na jambo gani tusilifanye?
2. Kwa nini maji ya chumvi na sukari hufaa kuliko maji matupu kwa mtoto anayeharisha? Vipimo vyake ni vipi?
3. Mama aliyejifungua aongea vizuri lakini mapigo ya moyo yakimbia na mikono imepoa. Je, hajambo?
4. Nyumbani kwetu yuko nani aliye shuleni au chuoni anayehitaji saa ya kusoma, nasi hatumpi?

Baba asome maswali, watoto wajibu, na bibi aulizwe ameona nini katika miaka yake. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya mama mjamzito na chakula chake. Kwaherini.